Mgongo wa Gauni la Samawati

Mvalishaji alikuwa na vibanio vinne mdomoni na kimoja mkononi, na gauni bado lilikuwa halijakaa.

"Vuta pumzi," alimwambia Mlingoti kwa pembe ya mdomo.

"Nimeshavuta."

"Basi usiishushe mpaka nikwambie."

Mlingoti alikuwa mwanamitindo wa kituo cha kuuza bidhaa kwenye televisheni, na jina hilo alipewa na wapiga picha kwa sababu ya urefu wake. Gauni alilovaa mchana ule lilikuwa la samawati, lenye mikono mirefu na shingo ya mduara, na lilikuja saizi moja tu, iliyoshonwa kana kwamba fundi wake alikuwa akipima mlango badala ya mtu. Mabegani lilimdondoka Mlingoti, na kiunoni angeweza kumkaribisha mwenzake humo ndani wakae wote.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mvalishaji. Alikusanya kitambaa cha ziada nyuma, akakikunja mara mbili kama anayekunja shuka, akakibana kwa kibanio cheusi, vile vya ofisini vya kubania karatasi. Kimoja alikiweka chini ya shingo, viwili kati ya mabega, kisha akashuka navyo uti wa mgongo mmoja mmoja hadi chini ya kiuno. Mabegani alisokomeza karatasi laini ili yasimame. Upindo uliokuwa umerefuka upande mmoja aliupandisha kwa utepe wa gundi. Hata chini ya soli za viatu alibandika plasta zisichubuke, maana viatu vilikuwa vya kuazima. Vibanio vilifika kumi na saba. Mlingoti akawa malkia mbele, na nyuma nungunungu.

"Haya, nenda," mvalishaji alisema. "Na usigeuke."

Mlingoti aliingia studio upande upande, kama kaa, akasimama kwenye alama yake sakafuni. Taa ziliwaka. Mtangazaji, ambaye kila mtu alimwita Asali kwa sababu ya sauti yake, alifungua mikono yake miwili kama anayempokea mgeni aliyekawia.

"Mabibi, tazameni linavyomkaa! Halibani, halipwayi. Utadhani alizaliwa nalo. Mnajua, kuna magauni unayavaa wewe, na kuna magauni yanayokuvaa yenyewe."

Nyuma ya pazia, mvalishaji alikuwa akikusanya karatasi zilizoanguka. Miaka ya mwanzo maneno ya Asali yalikuwa yakimvunja mbavu hadi alilazimika kuuma kiganja. Sasa alikuwa na miaka tisa kazini, na aliyasikia kama mtu anavyosikia feni.

Nyumbani hakuna aliyejua hasa anachofanya. Siku ya kwanza ya kazi alitia sahihi karatasi iliyosema kwamba yanayoonekana nyuma ya pazia yasisimuliwe popote, hata chumbani kwake. Mumewe alijua kwamba anaandaa nguo. Mama mkwe wake, mjane aliyeishi mtaa wa pili, alikuwa na maelezo yake mwenyewe.

"Mke wa mwanangu yuko televisheni," aliwaambia majirani.

"Anatangaza?"

"Anapiga pasi," alijibu, kwa uso wa mtu anayepokea rambirambi.

Na hata hivyo mama mkwe huyo hakuwa akikosa kipindi. Kila alasiri saa kumi alikaa mbele ya televisheni yake, miguu juu ya kigoda, akimjibu Asali kana kwamba wako chumba kimoja. Hapo ndipo alipoliona gauni la samawati, akapiga simu kuliagiza kabla Asali hajamaliza kulisifu.

Gauni lilipofika, alimwita mkwewe kwa haraka, na mvalishaji alipoingia alimkuta amesimama katikati ya sebule, amelivaa, mikono kaiachia pembeni.

"Niambie ukweli," mama mkwe alisema. "Nimekonda?"

"Hujakonda, mama."

"Basi hiki ni nini?" Alishika kitambaa kiunoni, akavuta konzi nzima. "Saizi ni ileile. Yule binti wa televisheni ni mwembamba kama ufagio, na gauni limemkaa. Mimi linanipwaya. Sasa piga hesabu mwenyewe. Nimekuwa mwembamba kuliko ufagio."

Mvalishaji alitazama kitambaa kile. Vidole vyake vyenyewe vilijua kingekunjwa wapi.

"Labda waliolishona wamekosea, mama."

"Wakosee langu, la yule wasikosee?" Mama mkwe alikaa kitini, na gauni likakaa baadaye. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo mvalishaji hakuizoea, "Marehemu baba yenu alianza hivihivi. Nguo zilianza kumpwaya. Mimi nikamwambia ni kitambaa kimelegea kwa kufuliwa."

Maneno yalimfika mvalishaji kwenye ncha ya ulimi. Yalikuwa machache: vibanio kumi na saba, mama, viko nyuma. Alifyata ulimi, akauliza kama kuna chai.

Wiki ile mumewe alimpeleka mama yake hospitali. Walimtoa damu, wakampiga picha ya kifua, wakamwambia apumue, asipumue, apumue tena. Mwisho daktari alimpandisha kwenye mizani akamwambia kwamba tangu mwaka jana ameongezeka kilo mbili, na kama anataka ushauri apunguze sukari.

"Mizani yao mbovu," mama mkwe alisema walipotoka. "Gauni halina sababu ya kunidanganya."

Jioni mume alimuuliza mkewe, "Hivi wewe si uko hukohuko? Yale magauni yana nini?"

"Yana kitambaa kingi," mvalishaji alijibu, na hilo halikuwa uongo. Lakini usiku ule alilala akitazama ukuta.

Kazini nako mambo hayakuwa shwari. Magauni ya samawati yalikuwa yakirudi. Ghala lilijaa mifuko iliyofunguliwa na kufungwa upya, na ndani ya mifuko mlikuwa na barua. Mwanamke mmoja aliandika kwamba yeye na dada yake wameingia wote wawili na bado kuna nafasi. Bosi alizisoma barua zote, akatafakari, akaona tatizo liko wapi.

"Wateja hawana imani," aliwaambia kwenye kikao. "Wanamwona Mlingoti, wanasema, ah, huyo ni mwanamitindo. Tuwaonyeshe mtu kama wao. Mteja halisi, gauni lake mwenyewe, moja kwa moja hewani. Tutachagua kwa bahati nasibu."

"Na gauni likimpwaya?" mvalishaji aliuliza.

Bosi alimtazama kwa huruma. "Si nawe utakuwepo? Mbane na yeye. Mwambie asigeuke, mwambie ni mambo ya taa. Watu wanaheshimu sana taa."

Siku yenyewe ilipofika, mvalishaji alikuwa amepiga magoti nyuma ya Mlingoti, akimalizia mgongo, mlango wa chumba cha kuvalia ulipofunguliwa. Mfanyakazi wa mapokezi aliingiza kichwa akasema, "Mteja wa bahati huyu hapa, nawaachia." Mgeni akaingia na mfuko wa nguo mkononi na mkoba wake wa kwendea harusini.

Mvalishaji alimtazama, na macho yakamtoka.

"Shikamoo, mama," alisema, vibanio vikiwa bado mdomoni.

Mama mkwe hakuitikia. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiutazama mgongo wa Mlingoti. Aliusogelea taratibu kama mtu anayesogelea magari yaliyogongana, akavaa miwani, akaanzia shingoni, akashuka. Kidole chake kilikuwa kikigusa kila kibanio na midomo yake ikicheza. Alipofika cha mwisho alivua miwani.

"Kumi na saba," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema mvalishaji.

"Na mimi nikaenda kutolewa damu."

Mlingoti, ambaye hakujua kinachoendelea ila alijua harufu ya ugomvi, alisema anakwenda kunywa maji, akatoka upande upande.

Wakabaki wawili. Mvalishaji alitema vibanio kiganjani. Alitaka kusema juu ya karatasi aliyotia sahihi, juu ya bosi, juu ya ada za shule, lakini kila neno alilolifikiria lilionekana kama lile gauni, kubwa kuliko mtu wake.

"Nisamehe, mama. Nilipaswa kukwambia siku ileile."

"Ulipaswa." Mama mkwe alikaa kwenye kigoda. "Nilishaandika nani achukue kabati. Nani achukue vyombo. Wewe nilikuwa nimekupa redio." Alitikisa kichwa. Kisha akanyanyua tena macho kuelekea mlango aliotokea Mlingoti. "Na vyote vile ulivibana wewe?"

"Mimi."

"Peke yako? Na ukitazama mbele hakuna hata mkunjo?"

"Hakuna."

"Kwa dakika ngapi?"

"Nne. Tano kama kitambaa kinateleza."

Mama mkwe alifungua mfuko, akatoa gauni lake la samawati.

"Nibane na mimi," alisema.

Mvalishaji alimbana. Hakuwahi kumgusa mama mkwe wake zaidi ya kumpa mkono, na sasa alikuwa akipita na vidole kwenye uti wa mgongo wake, akiuona ulivyopinda kidogo upande wa kushoto. Alirekebisha kwa kubana zaidi kulia. Kwa mwili ule vilitosha vibanio kumi na kimoja. Alipomgeuza kuelekea kwenye kioo, mama mkwe alijitazama kwa muda mrefu, akashika kiuno chake kama amekutana na mtu aliyempoteza zamani.

"Wanasema usigeuke, mama. Ni mambo ya taa."

"Taa gani?"

"Hakuna taa. Ndivyo walivyoniambia nikwambie."

"Haya."

Studio ilikuwa na baridi na mwanga mkali. Asali alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamvisha kilemba cha ukoka kuanzia utosini hadi vidoleni: jinsi alivyo kijana, jinsi rangi inavyomwitikia, jinsi ambavyo yeye Asali, asingeambiwa, angedhani ni dada yake mdogo. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu. Nyuma ya pazia mvalishaji alikuwa amesimama na mkono kifuani, na pembeni yake bosi alikuwa akitabasamu hadi jino la mwisho.

"Sasa mama," Asali alisema, "waambie watazamaji, linakukaaje?"

"Linanikaa vizuri sana."

"Mmesikia! Mteja halisi, hajalipwa!"

"Lilipofika nyumbani halikunikaa," mama mkwe aliendelea. "Nilidhani nakufa. Leo linanikaa. Na nataka niwaonyeshe kwa nini, maana kazi nzuri ikifichwa inamuumiza aliyeifanya."

Akageuka.

Aligeuka bila haraka, akasimama wima, mgongo wote kwenye kamera, vibanio kumi na kimoja vikimetameta chini ya zile taa ambazo watu wanaziheshimu. Mpiga picha alipaswa kukata aende kwenye picha nyingine. Badala yake alisogeza kamera karibu. Baadaye alisema mkono ulimteleza.

"Hii ni kazi ya mke wa mwanangu," mama mkwe alisema akiwa amewapa watazamaji kisogo. "Dakika nne tu. Tazameni mstari huu ulivyonyooka. Mimi mgongo wangu umepinda, lakini mbele mliona? Hamkuona. Nilikuwa nawaambia majirani anapiga pasi. Jirani zangu, kama mnatazama, hapigi pasi."

Asali alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu kituo kifunguliwe, kulikuwa na kimya hewani, kikadumu hadi mtu wa mitambo alipopata akili ya kurusha tangazo la masufuria.

Bosi alimgeukia mvalishaji. Jasho lilikuwa limemtoka hadi kwenye kola.

"Mama mkwe wako," alisema. "Huyu ni mama mkwe wako."

"Ndiyo."

"Njoo ofisini. Leta na kitambulisho chako."

Ofisini bosi alianza kuandika barua ya kumfukuza, kwa mkono, kwa sababu hakuwa na subira ya kungoja mashine. Alikuwa amefika kwenye neno "usaliti" mkuu wa chumba cha simu alipoingia bila kubisha.

"Bosi, laini zote zimejaa."

"Wanataka kurudishiwa."

"Wengine ndiyo. Lakini wengi wanauliza vile vyuma vyeusi vinapatikana wapi."

Bosi aliinua kalamu. "Wangapi?"

"Mia tatu hivi, na wanaendelea kupiga. Mmoja anataka na yule mkamwana afike kwake."

Bosi aliitazama barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Alisimama dirishani, mikono nyuma. Alipogeuka alikuwa mtu mwingine, mwenye uso uliotulia wa mtu aliyepokea habari alizozitarajia.

"Nimekuwa nikiwaambia siku zote," alisema. "Uwazi."

Mwezi uliofuata kituo kilizindua kisanduku cha vibanio kumi na viwili vya rangi ya waridi, vilivyoitwa Siri ya Mgongo. Mvalishaji alipewa kipindi chake, akatolewa nyuma ya pazia, akapakwa poda, akaambiwa atabasamu. Nyumbani mumewe aliwaita wafanyakazi wenzake waje kutazama. Tatizo lilikuwa moja tu, na mvalishaji aliligundua saa moja kabla ya kwenda hewani, alipokifungua kisanduku cha kwanza: vibanio havikushika. Vilikuwa na ulegevu wa fizi za mtoto mchanga. Alikibana kimoja kwenye mgongo wa Mlingoti, kikajiachia, kikaanguka, kikavunjika sakafuni.

Alimpelekea bosi vipande viwili kiganjani.

"Havishiki," alisema.

"Najua. Bei nafuu." Bosi hakuinua hata macho. "Weka vyako vyeusi ndani, chini ya kitambaa. Vya waridi vipange juu vionekane. Si ndiyo maana tuna wewe?"

Angeweza kukataa. Alisimama pale mlangoni na vipande vyake na akajaribu kujiona akikataa, na alichokiona ni mumewe na wafanyakazi wenzake wakitazama kiti kitupu. Akarudi chumba cha kuvalia. Ilimchukua dakika tisa, kwa kuwa ni kazi ngumu kuficha vibanio nyuma ya vibanio. Hewani Asali alisema, "Tazameni vinavyoshika! Utadhani vina meno!" Visanduku viliisha kabla ya tangazo la pili.

Jumamosi mvalishaji alikwenda kwa mama mkwe wake mchana, bila kuitwa. Alimkuta sebuleni, na kisanduku cha rangi ya waridi kilikuwa mezani, kimefunguliwa.

"Mama, na wewe umenunua?"

"Ningeachaje? Umesimama pale mwenyewe."

Mvalishaji hakuuliza kama kuna chai. "Havishiki, mama. Vya kwangu vilikuwa ndani. Vile vya juu ni mapambo tu."

Mama mkwe hakushtuka. "Najua. Nilibania pazia, likaniangukia kichwani." Alimwangalia mkwewe. "Lakini leo umesema mwenyewe, kabla sijapelekwa kupigwa picha. Hatua hiyo."

"Nipe lile gauni. Nilipunguze kwa uzi."

Mama mkwe alifunua cherehani iliyokuwa pembeni chini ya kitambaa. Mvalishaji alimvalisha gauni lile, akampigia alama za chaki nyuma, akamvua, akakaa kushona. Alikuwa fundi wa nguo kabla televisheni haijamchukua, na alidhani mikono inakumbuka. Haikukumbuka. Mikono ilijua kukunja na kubana na kukimbia, dakika nne, tano kama kitambaa kinateleza. Mshono ulianza vizuri, ukayumba, ukatoka nje ya chaki, ukarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mama mkwe aliuchukua, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu umeushona au umeukimbiza?"

"Nimesahau, mama."

"Pisha."

Akafumua mshono wote kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akakaa mwenyewe kwenye cherehani. Mvalishaji alisimama nyuma yake, akishika kitambaa kisivute, akifanya alivyoambiwa. Walikwenda hivyo hadi jua likahama kutoka dirisha moja hadi la pili. Mara mbili aliambiwa anashika vibaya, mara moja aliambiwa anashika vizuri.

Mama mkwe alipolivaa, halikuwa gauni la televisheni. Mbele kulikuwa na kamkunjo kadogo chini ya ubavu ambako mvalishaji asingekaruhusu kamwe kuonekana kwenye kamera. Lakini mama mkwe alizunguka nalo sebule nzima, akainama kuokota chaki, akainua mikono kufunga dirisha, na gauni likaenda naye kila alikokwenda.

Jirani alibisha hodi kuazima ungo, akasimama mlangoni kinywa wazi.

"Mwenzangu! Limekukaa hilo! Umelitoa wapi?"

Mvalishaji alijiandaa kusikia jina lake.

"Televisheni," mama mkwe alisema, kidevu juu.

Jirani tayari alikuwa anatafuta simu kwenye mkoba. Mvalishaji alitaka kumzuia, lakini mama mkwe alimfinya kiwiko taratibu.

"Mwache apige," alimnong'oneza. "Likifika atalileta hapa tulipunguze. Wewe utashika kitambaa."